Dirisha la Tatu

Ofisi ya maji, Malindi, ina madirisha manne.
Mawili hayana mtu. La nne lina feni na kijana mchangamfu.
Foleni yote iko la tatu.
Bili siku hizi hulipwa kwa simu, umelala chali kitandani,
lakini sisi tumekuja na noti zetu zilizokunjwa,
watu saba, mvi kichwani, magoti yanalia,
kwa sababu nyuma ya kioo, mwenye muhuri,
ni Kahaso Ziro wa Waya Wazi,
na Desemba anastaafu.

Humjui. Najua humjui.
Ukitaja Waya Wazi mjini hapa watakuuliza
kama fundi wa stima ameshaitwa.

Themanini na nne mji ulitaka gitaa la kubembeleza,
au udi na fidla na mafumbo ya kumchoma jirani.
Wao wakaja na kinanda
alichokiacha Mtaliano kufidia deni la chumba,
vibonye viwili bubu,
na kisanduku kinachojipigia ngoma chenyewe,
tiki-taka, tiki-taka, hakitoki jasho.
Tsofa alivaa tai nyembamba kama mkia wa panya.
Lali Famau alijipaka wanja jicho moja tu,
shangazi yake akamwambia mbele ya watu:
malizia la pili au rudi nyumbani.
Kahaso hakucheka, hakukatika kiuno.
Alisimama kama mtu anayengoja lifti
katika mji usio na lifti.

Aliimba juu ya friji tupu,
juu ya kumpenda mtu kwa ajili ya viatu vyake.
Nyimbo gani hizi, watu walisema, baridi
kama chai iliyosahauliwa.
Sisi wa miaka kumi na saba tuliukimbilia ubaridi ule.
Makwetu kulikuwa na joto jingi mno.

Usiku wa kurekodi, ukumbini Barani,
tulikuwa kumi na mmoja, ukimhesabu na mlinzi.
Kaseti ni hiyo moja. Tuliinakili, tukanakili nakala,
mpaka sauti ikaingia mchanga.
Upande wa pili, wimbo wa tatu, stima inakatika.
Kinanda kinakufa na neno mdomoni.
Kinasa sauti kilikuwa cha betri, kikaendelea kunasa giza:
kiti kinaburutwa, mtu anakohoa, mbwa wa Barani,
sekunde kumi na nane,
halafu Kahaso, pasi na kitu chochote chini yake,
anamalizia ubeti kwa mizani ileile ya mashine.
Hakuharakisha.

Wako wanaosema hawakufika popote.
Kweli. Mombasa hawakualikwa,
redio iliwajibu kwa barua ya mistari miwili,
Lali akaenda Maskati kuendesha kreni, asirudi.

Mwaka jana kijana wa Mbwarafa, mtoto mwema, fundi wa kompyuta,
alituletea kaseti imeoshwa.
Mchanga hamna. Kikohozi hamna.
Na lile giza amelikata, ameunga ncha kwa ncha
hata hujui kidonda kilikuwa wapi.
Tulisikiliza sebuleni kwa Mbodze, vikombe mkononi.
Kimya. Kisha Mbodze:
Mwanangu, ahsante. Sasa turudishie
stima yetu iliyokatika.

Kahaso hatujamwambia. Utamwambia nini mtu
kupitia tundu la kioo, mkono wake juu ya risiti?
Mara moja nilijaribu. Nikasema, mama, ule wimbo wa friji...
Akasema, kiasi gani?
Nikasema, mia sita na arobaini.
Akagonga muhuri.

Lakini sikiliza anavyogonga,
mita baada ya mita, jina baada ya jina,
tak, na tak, na tak, hautoki jasho.

Leo saa nne na robo stima ikakatika.
Feni ya dirisha la nne ikasinzia,
kijana akainua mikono, kazi imekwisha.
Sisi saba tukazuia pumzi, tukahesabu kimoyomoyo.
Kumi na sita.
Kumi na saba.
Dirisha la tatu, muhuri ukashuka.